Daktari wa Kwenye Skrini Anahitaji Mlango

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari Mkuu wetu, wajumbe wa kamati ya zahanati, ndugu wagonjwa mlioketi kwenye mabenchi, nawasalimu. Mimi muuguzi nimepewa dakika chache za kutoa shukrani. Nitashukuru, lakini mniwie radhi, kuna jambo limenikaa kooni.

Daktari wa mtandaoni simpingi. Ni msikivu, na tangu tuanze majaribio, wengi wameepushiwa safari ya hospitali kubwa. Kamati nayo naisifu: skrini pana, rangi mpya ukutani, hata maua ya plastiki! Lakini jamani, ni akili gani iliyoiweka skrini hii hapa ukumbini, mbele ya benchi la kusubiri, bila mlango wala pazia?

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima, jina lake nalihifadhi. Akaanza kwa kunong'ona. Daktari akamwambia, "Mama, sauti haifiki. Ongeza kidogo." Akarudia. "Bado, mama. Unasema unatokwa na nini?" Akajikaza, akasema: damu, na hedhi ilishakoma miaka mingi. Benchi zima likanyamaza. Na kwenye benchi hilo, amempakata mtoto aliyeletwa chanjo, alikuwepo mkwewe, mume wa binti yake!

Mama akainuka, akatoka. Nilimkimbilia hadi getini. Akaniambia, "Niache, mwanangu. Bora nife nayo." Huku nyuma skrini inaita, "Mama? Bado upo?"

Hayupo. Nimemfuata kwake mara mbili, hafungui. Mnajua kwamba damu ya namna hiyo, kwa umri ule, yaweza kuwa saratani, na kila siku inayopita inamla? Nilipolalamika nikajibiwa, "Nesi, mtazoea tu." Tuzoee nini? Kuvuana nguo hadharani? Kila siku tunawahubiria watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe sisi wenyewe ndio tunaowaziba midomo! Nimekasirika, na sioni haya kusema.

Basi nawashukuru nyote mliofika, na asanteni kwa kunivumilia. Mheshimiwa, mkasi huu hapa. Ila kabla hujakata utepe, nakuomba uketi kwenye kiti hiki, umweleze daktari yale maradhi yako ambayo hata mkeo hujamwambia. Ongeza sauti kidogo. Sisi sote tumenyamaza, tunakusikiliza.