Na Akiwa Katikati?

Foleni ya basi la Ruziba ilikuwa ndefu, na msichana aliyesimama mbele yangu alikuwa akipiga hewa kwa ngumi ya kuzungusha, ile mabondia wanayoita kroshe. Mwanaume mmoja nyuma yangu, mwenye pua iliyopinda, alishindwa kuvumilia. "Dada, vile utavunja mukono. Kidole gumba iangalie juu, sawa vile unashika kikombe."

"Kocha wangu wa zamani alisemaka vile, papa. Huyu mupya anasema kiganja iangalie chini. Na ninapigana leo saa kumi."

"Mupinzani akiwa karibu, kikombe. Akiwa mbali, kiganja chini."

"Na akiwa katikati?"

Mwanaume alikunja ngumi, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaitazama kana kwamba si yake. "Ngoja kwanza." Nami nikajikuta nimekunja yangu, ingawa sijawahi kumpiga mtu.

Msichana alishika kifundo cha mkono wake kilichofungwa bandeji. "Ya chini inaniuma. Ya juu haina nguvu. Nitapiga gani?"

Basi likafika, watu wakasukumana, msichana akaingia. Akatoa kichwa dirishani. "Papa, sema moja tu!"

Papa alifungua mdomo. Basi likaondoka, na ndipo tulipokumbuka, yeye na mimi, kwamba sisi pia tulikuwa tunakwenda Ruziba.