Kabati la Mzee Nathanieli

Benchi la Muhidini muuza kahawa lipo Rwamishenye, ubavuni mwa duka la mbegu, na wanaolikalia kila jioni huwezi kuwatoa hata kwa greda. Yupo Privatus, wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Audax, wanamwita Wakili ingawa mahakamani aliingia kama shahidi tu, tena wa kesi ya mbuzi. Na yupo Ildefons, anayeitwa Kioo, maana hana habari nyingine isipokuwa kabati lake la vioo. Marehemu baba yake, Mzee Nathanieli wa Izigo, alilichonga mwenyewe kwa mbao za mvule ili aweke humo vibuyu vyake vya kunywea pombe ya ndizi, rubisi, alivyovipata kwa wakwe na marafiki wa Muleba nzima. Jioni hiyo Kioo alifika amevimba kwa hasira. Dada yake Felicitas alikuwa amepiga simu kutoka Izigo: Jumamosi anakuja na gari kulichukua kabati, kwa kuwa amesikia linaozea mjini.

— Halitoki! — alisema hata kabla hajakaa. — Aje na lori, aje na trekta, kabati la tata aliyenizaa halitoki kwangu.

— Waitu, ndugu yangu, kaa kwanza unywe, — Muhidini akamsogezea kikombe. — Kwani limepatwa na nini?

— Limeota weupe. Milango ukiivuta inagoma, na ndani kunanuka uvundo. Na mimi nalitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe! Tangu lile tetemeko lililobomoa nyumba nimelifunga kamba ukutani, nikalivika nailoni, juu ya nailoni blanketi. Liko chumbani, mbali na jua na vumbi la barabarani. Nani angelitunza zaidi ya hapo?

— Hakuna, — Redio alijibu, akageuka mzima mzima. — Ila unalipaka nini?

— Nta ya nyuki, kama tata alivyofanya.

— Ndiyo kosa lako! Nta ni ya zamani. Mvule wa mjini unataka ganda la ndizi, lile la ndani. Sugua asubuhi, jioni unajiona sura yako.

— Ganda la ndizi litakuletea sisimizi, — Wakili alisema kwa sauti ya kufunga kesi. — Dawa ni mafuta ya senene. Ukishawakaanga, yale yanayobaki kwenye kikaango usimwage. Chukua kitambaa cha pamba, paka polepole. Senene hana maji mwilini hata tone.

— Mawe, jamani! — Muhidini aliruka. — Nani atamwaga utamu wa senene kwenye mbao? Machicha ya kahawa yanatosha. Nimejaza ndoo nzima hapa, njoo uchukue.

— Mnakosea wote, — Redio alipandisha sauti. — Mbao ile ni ya Izigo. Huku inasikia ziwa usiku kucha, inatoka jasho. Mzibe masikio.

— Nani?

— Kabati! Kila tundu la msumari jaza pamba.

— Ziwa halina kosa, — Wakili alikata. — Vibuyu vile ndivyo vinavyogombana. Umevichanganya vya wakwe na vya marafiki, rafu moja. Mkwe hawezi kulala ubavu kwa ubavu na mlevi, heshima itatoka wapi? Ule uvundo ni ugomvi wao. Tenganisha rafu, weupe utakwisha wenyewe.

Walicheka, lakini Kioo hakucheka. Kichekesho hakimfai mtu anayenyang'anywa kitu cha baba yake. Akilini alimwona marehemu mzee, Jumapili baada ya misa, mikono ya shati imekunjwa, anazungusha kitambaa chenye nta huku sebule imejaa watu na milango ya vioo iko wazi. Yeye alipolirithi aliapa halitapata hata mkwaruzo, na kweli halikupata. Sasa aambiwe ameshindwa? Na Felicitas, ambaye hajawahi kushika kitambaa?

— Sisi tuko nyuma yako, — Wakili alimpiga bega. — Kabati lile tunalijua sisi. Akija tutamwambia usoni.

— Tutalala mlangoni! — Redio aliongeza.

Bodaboda ikasimama. Aliyeshuka ni Joanitha, mwalimu wa Rubya, binti yake Felicitas.

— Shikamooni.

— Marahaba, — waliitikia kwa ubaridi.

— Mjomba, mama kanituma nilitazame kabla ya Jumamosi.

— Kamwambie halitoki! — Redio alimdaka. — Huku lina walinzi!

— Kazi bora kuliko ile hakuna mkoa huu, — Wakili alisema. — Linatunzwa kama mtoto. Tuulize sisi, tunaolijua.

Joanitha aliwatazama mmoja mmoja, bila kejeli.

— Sawa. Lina milango mingapi?

Redio alihesabu kwa vidole, akaanza upya. Wakili alichungulia kikombe chake. Muhidini akaanza kufuta birika ambalo lilikuwa safi. Kioo alitaka kuwajibia, ndipo akakumbuka. Watu hawa walilibeba jeneza la baba yake hadi Izigo, mvua ikiwanyeshea njia nzima. Wamekula kwake, wamelala kwake. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona kabati lile. Aliona aibu, ikampanda mpaka masikioni.

Kisha akasimama.

— Inukeni.

— Twende wapi?

— Kwangu. Tunalitoa chumbani, linakaa sebuleni. Nailoni naichoma leo, kabati lipumue kama enzi za tata. Muhidini, funga biashara.

— Mjomba, — Joanitha alisema, — mama atakuja na gari hata hivyo.

— Aje! Nimesema halitoki na halitoki. Mwambie atakuta nyumba imejaa watu na rubisi imeiva.

— Atakataa kuliacha.

— Akatae akiwa amekaa, na kibuyu cha baba yake mkononi.