Mita Tisa za Barabara ya Tawa

Wazee wa ukoo, wachungaji, majirani na jamaa mliotoka mbali,

Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, baada ya chakula cha mchana, mke wangu alikuwa ameketi barazani, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kigoda, akichambua ndengu kwenye uteo, akaniambia bawaba za lango zinalia na zitiwe mafuta, nikamjibu kwamba nitazitia kesho. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida kati yetu, na kwa kuwa familia imeniachia kazi ya kusoma historia yake, nitaisoma jinsi ninavyoijua, nikiomba mnisamehe sauti, sijalala vizuri siku nyingi.

Marehemu Rhoda Syombua Kiema alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kanyangi, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima, Mzee Kitheka na Mama Kalekye. Alianza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1987, akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alihitimu katika jiografia mwaka 1993 na kupata shahada ya uzamili ya mipango ya miji mwaka 1996. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996 katika kanisa la kwao, tukajaliwa watoto wawili, Muthama, aliyezaliwa mwaka 1998, na Yvonne Nduku, aliyezaliwa mwaka 2001 na kupewa jina la mama yangu.

Alianza kazi ya kupanga miji Februari 1997, akaifanya hadi ugonjwa ulipomzuia, hasa viungani mwa masoko yetu, ambako mashamba hukatwa ploti za futi hamsini kwa mia bila mtu kuacha njia, na choo kikachimbwa upande wa juu wa kisima cha jirani. Hakupenda kutundika ramani ukutani, aliwaambia wenye mashamba wafunge kamba ya mkonge kutoka bikoni, jiwe la mpaka, hadi bikoni, kisha punda aliyebeba mitungi minne ya maji apitishwe, na mitungi ikigusa ua, ua huo hurudishwa nyuma. Huko Zombe, mwaka 2016, mfanyabiashara mmoja, Mama Ndululu, alimwuliza mbele ya watu, "Madam, huyo punda wako akiingia dukani kwangu, nimuuzie nini?" naye akamjibu, "Muuzie sukari, lakini atoke upande ule mwingine," na leo duka hilo lina mlango wa nyuma unaotazama barabara mpya.

Hapa Tawa, mwaka 2019, alichora barabara ya upana wa mita tisa kwenye ukingo wa chini wa mashamba kumi na moja, letu likiwemo, ili soko likikua watu wa bondeni wafikiwe na maji na gari la wagonjwa. Wapo waliozika wafu wao kwenye ukingo huo makusudi, maana hakuna mtu huku kwetu atakayepitisha barabara juu ya kaburi, na kwa kila kaburi alirudi kuchora upya, bila kumlaumu mfiwa. Wazazi wangu wamelala juu kidogo ya mstari huo, na kwa desturi ya ukoo wetu mke huzikwa kando ya mama mkwe wake, lakini nafasi iliyobaki kando ya mama iko ndani ya barabara. Kaka yangu Mulwa aliwahi kumtania, "Sasa shemeji, wewe tutakuzika wapi, juu ya tanki la maji?" Alicheka, akamwongezea chai, na mimi naye hatukulizungumza tena.

Figo zake zilianza kushindwa Agosti 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Wote, na hata huko alibeba michoro yake. Jumatatu ile ya tarehe 9 Juni, jioni, alishindwa kupumua, tukamkimbiza hospitalini, akafariki Jumanne tarehe 10 Juni, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Mutisya aliyetupeleka kwa gari lake kila safari, wenzake wa ofisi ya mipango walioketi nasi wiki hii yote, na akina mama wa kanisa waliotupikia.

Wengi mmeniuliza tangu asubuhi kwa nini kaburi halipo kando ya mama, nami nitawajibu nyote mara moja. Jumanne jioni wazee walipiga vigingi vinne pale, kwa nia njema. Jumatano asubuhi nilikwenda na Yvonne, tukapima kutoka bikoni ya chini, tukakuta vigingi viko mita mbili na nusu ndani ya barabara. Nilijua kwamba akizikwa pale, wenye mashamba yale mengine kumi hawatakuwa na sababu ya kuacha nafasi, na nilijua pia kwamba nikimtoa pale, nitaonekana nimemtenga na mama. Mulwa alikuja, akauliza, "Kwa hivyo mama atakaa peke yake?" nikamwambia, "Atakaa na baba." Niliving'oa vigingi vyote vinne, nikavibeba hadi upande wa juu wa nyumba, nikapiga cha kwanza, naye Mulwa akainama akashika cha pili kisitikisike.

Pumzika sasa, Syombua.