Historia ya Marehemu Vardges Tonoyan, Aliyetuambia Turudishe Kalenda Nyuma

Baba Padri, majirani, walimu wenzake, na wote mliopanda ngazi hizi za barafu kuja kumsindikiza, mimi ni Arusyak, dada yake mkubwa, na nimesimama hapa kwa niaba ya ukoo wa Tonoyan kuwasomea maisha ya mdogo wangu kabla hatujamtoa nyumbani kwake. Nitayasoma yote, hata namna alivyougua, maana mjini kuna maneno, kuna mtu anayeitwa muuaji sokoni na kanisani, na marehemu aliniagiza akiwa na akili zake timamu kwamba jeneza lisivuke kizingiti kabla sijasema ukweli. Sikupenda agizo hilo, na sasa hivi silipendi.

Vardges alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa hapa mjini, wakati huo Gyumri yetu ikiitwa Leninakan, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu aliyekuwa fundi wa reli na mama yetu aliyekuwa mfumaji kiwandani, akabatizwa kwa siri jikoni kwa nyanya yetu, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile ya Kisovieti. Alianza shule mwaka 1974 na kumaliza mwaka 1984, na miaka yote kumi aliketi dawati moja na Sedrak, mwana wa mshona viatu, wakinakiliana majibu, wakiadhibiwa pamoja, hata mwalimu wao wa hesabu akawa anasema kwamba hawa wawili wana kichwa kimoja na bahati mbaya siku ya mtihani kimesahauliwa nyumbani.

Baada ya jeshi aliingia chuo cha ufundi huko mji mkuu, Yerevan, kusomea umeme, na ndiko alikokuwa tarehe 7 Desemba 1988 ardhi ilipotetemeka na kutunyang'anya baba na mama asubuhi moja, mimi nikiwa hai kwa sababu nilikuwa nje kwenye foleni ya mkate. Aliacha chuo, akarudi kunichimbua katika huzuni, na tukapewa kile kijumba cha mabati mnachokijua, domik, tukaambiwa tukae humo kwa muda, miaka miwili tu, hadi serikali itujengee. Tulikaa humo hadi mwaka 2013, tulipohamia ghorofa hii. Sisi watu wa Gyumri tukisikia "kwa muda" tunacheka kwanza, kisha tunaanza kupiga misumari.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Haykanush, binti wa muuza maziwa, aliyekubali kuingia kwenye bati hilo akiwa na gauni la kuazima, na tarehe 2 Februari 1993, katika kile kipupwe kisicho na umeme wala mkate, wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Nazeli, ambaye yupo hapa leo kutoka Krasnodar na wanawe wawili. Vardges alitengeneza redio, akatengeneza televisheni, na kuanzia Septemba 2004 akawa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi cha hapa mjini, akipokea zile kompyuta za msaada zenye Windows XP ambazo wengi wenu mmezirithi, na ambazo hadi leo zinakalia meza zenu zikiwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma.

Mwaka 2014 wenye Windows hiyo walitangaza kwamba hawataihudumia tena, na baada ya hapo kila programu mpya ya kufungulia mtandao, kivinjari kama wanavyokiita, ikawa inaikataa. Wengine walisema nunueni mpya, lakini walisema hivyo kwa watu ambao watoto wao wako Urusi wakijenga nyumba za wengine, na njia pekee ya kuwaona ni kile kioo chenye kitambaa. Vardges hakuhubiri, aliketi akajifunza, akachukua vivinjari vipya ambavyo waandishi wake wameacha maandishi yake wazi, akavifumua na kuvishona upya ili vikubali kukaa kwenye mashine za zamani. Aliwahi kunieleza kwamba programu mpya ni mgeni anayedai chumba cha tatu katika nyumba ya vyumba viwili, na kazi yake yeye ni kumshawishi mgeni alale sebuleni bila kununa.

Kivinjari chake alikiita Domik, na pamoja nacho akatengeneza kichezeshi cha filamu na muziki, kwa sababu Bibi Shoghik wa ghorofa ya chini alipelekewa harusi ya mjukuu wake kutoka Samara na mashine ikampa sauti bila picha, naye akapanda hadi hapa kulalamika, "Vardges, nasikia wanacheza, lakini sijui nani anacheza na nani, utaniua kwa wasiwasi." Domik ilitumika hapa, ikatumika Moldova, Kirigizistani, hata Brazili kwa mshona nguo mmoja aliyekuwa akimwandikia kila Krismasi, na Vardges hakumtoza mtu yeyote chochote, jambo ambalo mimi nilimgombeza nalo miaka mingi na Haykanush hakuwahi.

Sasa nafika pale ambapo ulimi wangu ni mzito.

Kuna kipande cha programu kilichokuwa kikionyesha picha zinazotembea ndani ya kurasa, kilikuwa kila mahali, katika masomo ya shule, katika michezo ya watoto, na katika mashine nyingi za kazi, na waliokitengeneza walikipangia siku ya kufa, tarehe 12 Januari 2021, ikifika siku hiyo kijizime chenyewe. Vardges alikuwa akiandaa kingine cha kukirithi, lakini vuli ile ilikuwa ya vita na ya korona, alizika wanafunzi wake wawili, yeye mwenyewe akalala na homa ya mapafu mwezi Novemba 2020, na Januari ikafika dawa haijawa tayari. Watu wakaanza kupanda ngazi hizi kila mmoja na kilio chake, naye akawaambia wote neno moja, akaliandika na huko mtandaoni kwa wale wa mbali, "Rudisheni kalenda ya kompyuta mwaka mmoja nyuma, itadanganyika na kufanya kazi, ni kwa muda tu, hadi niwaletee kitu kizima."

Mtu wa mji mwingine angesikia "kwa muda" akangoja kwa wasiwasi, sisi tulisikia tukatulia. Kalenda zikarudishwa mtaa mzima, na katika zahanati moja ya hapa mjini, ambako Sedrak yuleyule wa dawati moja ndiye mpiga picha za mifupa na mapafu, naye akairudisha, maana kipande kile kilipokufa mashine yake haikuweza tena kuonyesha picha hata moja, na nje kulikuwa na benchi limejaa watu wanaokohoa.

Picha ya kwanza ya mapafu ya mdogo wangu ilikuwa ya Novemba 2020, kabla ya yote hayo, nayo ilikuwa na doa dogo. Ya pili alipigwa tarehe 19 Februari 2021, doa likiwa limekua, lakini mashine iliandika juu yake Februari 2020, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa imeambiwa. Picha zote mbili zikapelekwa Yerevan kwa daktari ambaye hakuwahi kumwona, aliyekuwa na majeruhi wa vita hadi kwenye korido, naye akazipanga kwa tarehe kama inavyotakiwa, kubwa kwanza, ndogo baadaye, akampigia Haykanush simu kusema doa linapungua, ni kovu la homa linapona, mgonjwa aende zake na arudi baada ya nusu mwaka.

Tulitoa sadaka. Haykanush alichinja jogoo mwekundu, chumvi ikabarikiwa na Baba Padri huyu huyu, nyama ikagawiwa nyumba saba na kuliwa kabla jua halijazama kama inavyopaswa, na wengi wenu mlikula, mkamwambia Vardges Mungu kakuona. Mimi nilikula paja. Tulikuwa tukimshukuru Mungu kwa kupungua kwa kitu kilichokuwa kinakua.

Mwezi Agosti alianza kutema damu. Tulimpeleka Yerevan tukiwa pamoja, mimi na yeye na Haykanush, daktari akaweka picha tatu mezani kwenye kioo, zile mbili na moja mpya ya siku hiyo, akawa anashangaa jinsi doa lilivyopungua kisha likavimba ghafla, na mdogo wangu akainama, akasoma maandishi madogo ya pembeni, kisha akasema polepole, "Daktari, Februari ya mwaka jana mimi sikuwa nakohoa. Sikupigwa picha yoyote." Nilimwona akielewa. Alielewa kabla ya daktari, na uso wake sitaki kuuona tena, ingawa nauona kila nikifumba macho.

Tuliporudi alikataa kuja nyumbani kwanza, alitaka zahanati. Sedrak alikuwa anakula mkate na jibini, akainuka kumkumbatia, na Vardges akamuuliza, "Ndugu yangu, kompyuta yako inasema leo ni mwaka gani?"

Sedrak akacheka, "Wee, si ule ule ulioniambia? Nangoja dawa yako, mwalimu. Umechelewa, nilidhani umeoa mke wa pili."

Kisha akatutazama usoni mmoja mmoja, akaacha kucheka. Mkate ulimdondoka, na hakuuokota, yeye ambaye hajawahi kuacha mkate sakafuni.

Tangu siku hiyo mdogo wangu alikuwa na jambo moja tu, kulirudisha neno lake kabla hajafa. Kila mtu aliyemtupia Sedrak lawama alikuwa anajua habari nusu, kwamba tarehe ya picha ilikuwa ya uongo, si nani aliyemwagiza aibadili, na habari nusu ndiyo iliyotembea mji mzima. Vardges alipata matibabu ya saratani kwa dawa za mishipani Yerevan kuanzia Septemba, akirudi amekunjamana kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni, na bado akiketi kitandani na kompyuta magotini, akitengeneza kile kipande kipya. Nilimwambia, "Lala, mdogo wangu, wengine watamalizia." Akaniambia, "Wengine gani, dada? Nionyeshe mmoja nimwachie." Nilitazama huku na huku chumbani, nikaona mapazia na Haykanush. Nazeli alimtumia tiketi ya ndege kwenda Krasnodar kwa madaktari wa huko, akaiacha ikapita, na Nazeli alilia siku nyingi, na mimi nilimtukana marehemu kwa maneno ambayo nisingeyatamka mbele ya Padri.

Domik ya mwisho ilitoka tarehe 3 Machi 2022. Inafungua kurasa, inachezesha picha za zamani na za sasa, na ina ukali ambao zile za kwanza hazikuwa nao, kwamba kalenda ya mashine ikiwa ya uongo haifungui kitu chochote, inakaa tu ikisema kwa Kiarmenia na Kirusi, sahihisha tarehe kwanza. Bibi Shoghik alipanda ngazi kwa hasira, akasema, "Umenifungia wajukuu!"

"Bibi, leo ni mwaka gani?"

"Nijuaje? Mimi nafuata uliosema wewe."

Alimshika mkono akashuka naye ngazi, kila hatua moja akipumzika, akamsahihishia mwenyewe. Nyumba nyingine zilimletea mashine kitandani, nyingine hakuzifikia, na huko mbali, Moldova na kwingineko, alituma maandishi kwa kila aliyewahi kumwandikia, wengine wakajibu, wengi wakanyamaza, naye hakujua wamesoma au la. Alikufa hajui. Mnisikie vizuri, kwa kuwa hakuna mtu wa kuendeleza kazi hii, mwakani au mwaka utakaofuata kurasa zitaanza tena kukataa, nasi tutakuwa na vioo vyenye vitambaa na hatutakuwa na wa kumpandia ngazi. Sina faraja ya kuwapa kuhusu hilo.

Tarehe 11 Aprili alianza kupoteza fahamu, na tarehe 13 Aprili 2022, saa za asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Haykanush, akakata roho, akiwa na miaka hamsini na mitano. Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Yerevan, akiwemo yule daktari wa kwanza aliyezipanga picha, ambaye alinipigia simu mwenyewe, majirani wa ngazi hii mliotuletea kuni, supu na viti, walimu wenzake wa chuo mliogawana vipindi vyake mwaka mzima, na ninyi mliochimba kaburi kwenye udongo ulioganda.

Limebaki agizo. Vardges alisema hivi, na nanukuu: "Sedrak hakuniua. Nilisema kwa muda, katika mji huu, nikijua maana yake. Kama mnataka mtu wa kulaumu, mmebeba jeneza lake." Na alisema wabebaji wawe sita, na wa sita asichaguliwe na mtu mwingine, kwa kuwa yeye mwenyewe amekwisha kumchagua.

Sedrak, najua umesimama ngazini tangu asubuhi na hukuthubutu kuingia. Mpisheni. Ingia uvue kofia, ushike upande wa kichwa, wa kushoto, ambako hajawekwa mtu. Mimi sijakusamehe, siwezi kusema uongo mbele ya maiti, na sijamsamehe hata yeye, lakini bega alilotaka ni lako, na tusipoanza kutembea sasa giza litatukuta makaburini.

Udongo na uwe mwepesi juu yako, mdogo wangu.