Mwenye Jina la Mukkutti Anastaafu

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi katika ofisi yetu ya Thrissur, Bwana Vasudeva Kaimal, Meneja Utawala, anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Mei. Wengi mmeuliza kama ni kweli. Ni kweli. Keki iko mezani, na haina maandishi yoyote juu yake, kwa sababu ambayo wenyeji mnaifahamu.

Kaimal-sar, kama tunavyomwita kwa heshima, alipoajiriwa, chama chetu kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na vijana wachache waliokuwa wakitengeneza programu ya kuandikia Kimalayalam, lugha ya jimbo letu, kwenye kompyuta. Jaseena, aliyeandika msimbo wa kwanza wa programu hiyo, yaani maagizo yanayoiendesha, akiwa bado mwanafunzi, aliipa jina la Mukkutti, kile kiua cha njano tunachopangia mazulia ya maua wakati wa sikukuu ya Onam. Programu ilikuwa huria: yeyote aichukue, ainakili, airekebishe, wala asilipe kitu.

Kisha mjanja mmoja wa mji wa Kochi akaanza kuuza programu mbovu kwa jina hilohilo. Ikabidi jina lisajiliwe kama alama ya biashara. Chama chenyewe kilikuwa bado hakijasajiliwa, kwa hiyo alitakiwa mtu wa kulimiliki, na hapo ndipo utakatifu wetu ulipotuponza. Tulibishana kutwa nzima, parippuvada, zile bajia za dengu, zikaisha sahanini, na kila mmoja akijitoa: "Mimi nimiliki jina? Kwani mimi bepari?" Kaimal-sar hakuwa na itikadi, alikuwa na kalamu. Akasema, "Haya, leteni nitie sahihi, mkalale." Tukampigia makofi. Majuto ni mjukuu.

Tuseme haki yake. Ndiye aliyemwandama yule mjanja wa Kochi mpaka akafunga duka. Ada ya kuhuisha jina aliilipa mwenyewe, wakati chama hakikuwa na hata ya umeme.

Tatizo ni kwamba alinogewa. Chama kiliposajiliwa tulimwomba atuhamishie jina, naye akajibu, "Nitafikiria." Kaimal-sar ni mtu wa kufikiri kwa kina, kwa hiyo amefikiri miaka kumi na tisa. Katika muda huo hakukaa bure. Wanafunzi wa Palakkad waliochapisha Mukkutti kwenye fulana zao walipata barua ya onyo yenye mihuri mitatu. Keki ya maadhimisho yetu wenyewe ilirudishwa mlangoni, kwa kuwa mwokaji hakuwa na kibali cha kuandika jina. Na Onam moja alisimama mbele ya zulia la maua la ofisi, mikono nyuma, akiliangalia kwa muda mrefu, hata tukaogopa kwamba sasa analishitaki ua lenyewe. Hakulishitaki. Tunamshukuru kwa subira hiyo.

Mwaka huu mzaha uliisha. Shule za jimbo zilikubali kuweka programu yetu kwenye kompyuta zao zote, kwa sharti moja tu: jina liwe la chama, si la mtu ambaye siku moja anaweza kuamka vibaya akalizuia. Jaseena, ambaye sasa ana mvi, alimfuata nyumbani na mfuko wa chipsi za ndizi, akamwomba kama binti anavyomwomba baba yake.

"Sar, watoto watajifunza kuandika lugha yao kwa kazi ya mikono yetu. Tia sahihi tu, nakuomba."

"Mwanangu," akamjibu, "msimbo ni wenu, ofisi ni yenu. Nikiwapa na jina, mimi nitabaki na nini?"

Jaseena alirudi akilia, akatueleza alichoulizwa. Swali lilituuma, maana kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kumtembelea mzee huyu ila tulipotaka sahihi yake. Ni aibu yetu, na tunaikiri hapa mbele ya familia yake. Lakini shule zinafunguliwa kesho, na watoto hawawezi kungoja hadi sisi na yeye tuelewane. Jumapili iliyopita wanachama walikutana, wakapiga kura.

Basi, Kaimal-sar, tunakuaga kwa heshima zote. Jina la Mukkutti ni lako, kisheria na moja kwa moja, wala hakuna atakayekusumbua tena kuliomba. Msimbo ni wa kila mtu, na kuanzia kesho unaitwa Thumba, jina la kiua kingine cha Onam, ambalo chama kimekwisha kuomba lisajiliwe kuwa lake. Shule zimekubali. Ahsante kwa miaka yote uliyotulinda, na hata kwa ile uliyotulinda dhidi yetu wenyewe. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana na wajukuu watundu. Na siku ukitukumbuka ukataka kutuandikia kwa Kimalayalam, pakua Thumba. Ni bure, na huhitaji kibali cha mtu.