Ntakarutimana Anapanda Meli

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakirudishwa kwao kwa meli, Leonia wa Buzebazeba alipanda gari la bandarini, akaketi karibu na mzee aliyevaa jezi ya timu ya Rusimbi. "Shikamoo, mzee. Leo kuna mechi?"

"Marahaba. Mechi ya nini? Ntakarutimana kaachana na mpira, leo anarudi Burundi. Tumepumua! Mshambuliaji gani yule, anapiga penalti kama anafukuza kuku?"

"Si ndiye aliyewaletea kombe?"

"Siku ile alikuwa mtoto wetu wa Rusimbi. Alipokosa penalti ndipo tukakumbuka kuwa ni mkimbizi."

Leonia hakucheka. Mama yake naye alikuwa Mrundi, ila hilo halikuwa jambo la kutangaza garini. "Na mkamwambia?"

"Uwanja mzima. Sisi tuna adabu sana."

"Basi mwombeni abaki."

"Abaki afanye nini? Goti limekwisha, na sisi tunapenda wageni wenye magoti mazima."

Gari likasimama bandarini, mzee akashuka haraka kuliko umri wake. Leonia akamuuliza anakimbilia nini.

"Namuwahi nimzomee," akasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Asije akafika kwao akadhani tulimpenda."