Maneno ya Ludmila Pale Ngazini

Marehemu Ludmila Hruska Hatherley alizaliwa tarehe 9 Machi 1901 hapa Scranton, Pennsylvania, mtoto pekee wa mjane Zuzana Hruska, dobi wa wachimba makaa. Alisoma hadi darasa la sita, kisha akaungana na mama yake kwenye beseni. Waliofua naye walisema alikuwa na mdomo hasa.

Mwaka 1919 alikwenda Los Angeles kuigiza picha zisizo na sauti. Akajiita Lucille Harcourt, yatima wa watu wenye nazo. Mwaka 1923 aliigiza binti wa tajiri anayempenda mtunza bustani. Huku nje, kijana tajiri wa Pasadena, Winslow Hatherley, alikuwa anamchumbia yeye.

Zama zile waigizaji walisema lolote mbele ya kamera, maana maneno yaliandikwa baadaye. Basi katika onyesho ambapo wapenzi hao wanakutana ngazini, watazamaji walisoma, "Niko radhi kuuacha utajiri wa baba." Ludmila, machozi yakimtoka, alikuwa anamwambia Augie, kijana wa Scranton aliyeigiza mtunza bustani: "We Augie! Ukithubutu kumwambia Winslow mama yangu ni dobi, nakung'oa meno!"

Alifunga ndoa na Winslow tarehe 14 Juni 1924. Mama mkwe wake, Bi. Cordelia, alikuwa kiziwi tangu utotoni na alisoma midomo ya watu. Ludmila hakuliwazia hilo mpaka Krismasi ya 1926, familia ilipokodi ile picha waitazame sebuleni. Ngazi zilipotokea, Bi. Cordelia alisogeza kiti mbele. Taa zilipowashwa alisema tu, "Umependeza, mwanangu. Nisogezee karanga."

Tangu hapo Ludmila aliishi kwa hofu. Kila alipoitwa mezani alidhani leo ndiyo leo, atafukuzwa aachwe bila mume wala binti yake, Rosalind. Sisi wajukuu tulimjua kama bibi anayeziba mdomo kwa kiganja akizungumza. Mama yake, Zuzana, alipoomba kuja kumwona Rosalind, alijibiwa kwamba nyumbani kuna ugonjwa. Zuzana alifariki tarehe 2 Februari 1938 bila kukanyaga Pasadena.

Mwaka 1941, Bi. Cordelia akiwa mahututi, alimshika Ludmila mkono.

"Ile picha niliiona mjini kabla hamjaoana. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Miaka yote hii nasubiri umlete mama yako tunywe chai. Mbona hukumleta?"



Ludmila aliugua moyo tangu 1965, akafariki tarehe 21 Oktoba 1967. Kaburi la akina Hatherley alilikataa. "Nipelekeni kwa mama," alimwambia Rosalind, "na muandike kwenye jiwe kwamba alikuwa dobi. Herufi kubwa, zisomeke kutoka barabarani."

Ameacha mume, Winslow, binti, Rosalind, wajukuu wawili, na rafiki yake Augie, aliyetunza siri na meno yake.

Apumzike bila hofu, kando ya mama yake.